Mguu wa Kocha Simiyu

Jumamosi, 5 Juni 1976

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mama mkwe anasoma Kikuyu tu, na anasoma kila kitu.

Kocha Simiyu amevunjika mguu. Alikuwa anamwonyesha mwanangu Kahiga vile golikipa anaruka kusukuma mpira juu ya goli. Kahiga anasema kocha aliruka vizuri sana. Akashika mti wa juu – na mti ukaja naye. Mti, nguzo na kocha, wote chini. Nilisikia kishindo nikiwa kwenye cherehani, nikadhani ni lori la kabichi limepinduka.

Ni mfupa wa chini ya goti. Miti hiyo ya goli ilitolewa mwaka jana na Mzee Theuri, muuza mbao, pamoja na hotuba ndefu. Leo alitoa mlango mpya, tukamlaza kocha juu yake tukambeba hadi barabarani. Pikapu ilipofika, Theuri akautaka mlango wake. Ati uko na mwenyewe. Kocha akashushwa, akapandishwa tena bila mlango. Hakulia. Aliwaambia vijana mazoezi ni Jumatatu kama kawaida.

Jumapili, 6 Juni

Baada ya ibada tumeunda kamati ya kumsaidia. Theuri alikuwa mwenyekiti kabla hatujakaa. Mimi ni karani kwa sababu nilionekana na kalamu. Theuri alirudia mara nne kwamba miti yake ilikuwa mizima, ni kocha ndiye mzito. Simiyu! Mtu ambaye shati la mtoto wa darasa la saba linamtosha. Najua, nilimshonea.

Alhamisi, 10 Juni

Nimetoka hospitali ya misheni. Mguu wa kocha umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito. Yeye mwenyewe alikuwa amechora uwanja mzima kwenye shuka, wachezaji kumi na mmoja, na muuguzi alikuwa amemnyang'anya kalamu.

Daktari anasema lazima chuma kiingizwe ndani ya mfupa. Bila hicho mguu utapona, lakini utakuwa mfupi, na kukimbia asahau. Shilingi elfu moja na mia mbili, na hakuna kuanza kabla ya kulipa. Simiyu ni karani wa stoo ya kahawa tu. Watu wake wote wako Bungoma.

Aliniambia tusijisumbue. Yuko na mjomba nyumbani anayeunga mifupa kwa vijiti na majani.

Nikamuuliza mjomba ameunga nani.

Akafikiri kidogo. "Ng'ombe," akasema. "Wengi walipona."

Nilicheka mpaka nje ya geti, halafu nikakaa chini kwenye nyasi. Tangu baba yake afariki, Kahiga alikuwa haongei na mtu, hata mimi. Miezi saba. Halafu huyu Mluhya akampa glavu kuukuu akamwambia goli ni nyumba yake, apige kelele mtu akiingia. Siku hizi mtoto anapiga kelele hata usingizini. Mguu ule siuachi uende kwa mjomba wa ng'ombe.

Jumanne, 15 Juni

Kuna barua kutoka Kianyaga! Kocha wao – ambaye mwaka jana alitaka kupigana na Simiyu kwa ajili ya penalti – ataleta timu yake Jumamosi tufanye mechi ya harambee. Hataki hata nauli. Anaandika kwamba adui mzuri ni vigumu kumpata.

Theuri amejitangaza kocha wa muda, kwa sababu mwenyekiti ni mwenyekiti. Leo nilipita mazoezini. Kijana mmoja alilalamika kwamba mwenzake ameotea. Theuri akauliza ataota jua gani na mawingu haya yote.

Jumamosi, 19 Juni

Miguu inauma, koo limekauka. Watu walijaa, hata wa kutoka Kangema. Theuri ameweka miti mipya ya goli. Kabla ya mechi alizunguka akiipiga ngumi mmoja mmoja, mara mbili mbili. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Tumefungwa sita bila. Theuri alipeleka wote mbele, akamwacha mwanangu nyuma peke yake kama mlinzi wa benki.

Wakati wa mapumziko tulifanya mnada wa jogoo aliyetolewa na Murugi wa hoteli. Kila mtu anajua desturi: unamnunua, unamrudisha, anauzwa tena. Theuri alimnunua, akamrudisha. Kocha wa Kianyaga alimnunua, akamrudisha. Kasisi naye. Jogoo alikuwa njiani kulipa mguu wote. Halafu akanunuliwa na Gaudencia wa posta, ambaye amehamishiwa huku majuzi kutoka Kisumu. Akalipa, akashukuru, akamweka jogoo kwapani na kwenda nyumbani. Tulibaki tunaangaliana. Nani angekuwa na uso wa kumfuata?

Mnada ukaishia hapo. Bado tumepungukiwa na karibu theluthi, na daktari alisema mfupa haungoji.

Jumapili, 20 Juni

Mzee Theuri amekuja kwangu mchana na suruali ya kutiwa kiraka. Nikaigeuza mbele na nyuma. Haikuwa na tundu.

Nikamwekea chai. Akainywa yote, moto hivyo hivyo.

"Mama Kahiga," akasema, "ile miti nilijua iko na mchwa."

Akaeleza taratibu, akiangalia cherehani. Kwamba ilikuwa imelala nyuma ya karakana miaka mitatu. Kwamba hakuna mteja angeitaka. Kwamba aliipaka rangi nyeupe, na ikapendeza, na watu wakampigia makofi, na tangu siku hiyo hapiti karibu na uwanja kukiwa na upepo.

Kisha akaweka bahasha mezani. Ilikuwa na pesa zote zilizopungua. Ameuza msumeno wake wa injini, ule aliokuwa akiuosha kama mtoto.

Nikamuuliza niandike jina gani kwenye kitabu.

"Andika Mkristo."

"Wakristo ni wengi, mzee."

"Ndiyo maana," akasema.

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimejitayarisha kabisa. Lakini alisahau kofia, akairudia, akasahau suruali.

Jumatatu, 21 Juni

Naandika kwenye benchi la hospitali. Tumelipa. Kocha ameingizwa saa tatu.

Kabla ya kuingia aliuliza habari ya mechi. Theuri akamwambia vijana walijitahidi. Kocha akasema muuguzi wa zamu ya usiku ni mtu wa Kianyaga, kwa hivyo anajua ni sita bila. Alicheka mpaka wakamshika mguu.

Theuri alitembea kando ya kitanda cha magurudumu akiwa amekishika ukingo. Mara tatu nilimwona akifungua mdomo. Mwisho akasema tumeweka miti mipya.

"Vizuri," kocha akasema. "Usiipake rangi mpaka niione."

Wakamwingiza. Theuri alibaki pale mlangoni na mkono wake hewani.

Kocha anajua habari ya mchwa? Theuri ameniuliza mara mbili. Nimemwambia sijui. Sijui kweli. Kama alijua, alijua tangu lini – na mbona alishika mti?

Walisema ni kazi ya saa moja tu. Sasa ni saa sita kasoro. Theuri amesoma ilani ya kifua kikuu mara kumi. Ananiambia kocha akiamka atamwambia yeye mwenyewe, nisimsaidie hata neno.

Mlango umefunguka. Muuguzi ametoka na karatasi, uso wake hausomeki. Anauliza watu wa Simiyu ni nani hapa, ndugu wa damu, wa kutia sahihi.

Nilikuwa naanza kueleza habari ya Bungoma. Theuri ameshasimama, kofia mkononi.

"Ni mimi," amesema, na anamfuata ndani.