Kadi ya Wifi na Uhamisho Wangu

Jumatatu, 10 Machi
Vipindi vinne darasani, kisha jedwali langu la mifumo ya kompyuta. FreeBSD: skrini ndiyo, sauti ndiyo, kadi ya wifi haioni kabisa. Linux ilikuwa inaiona. Jana nikaifuta ili nilinganishe hii mifumo ya bure kwa haki, kwenye laptop hii moja niliyonayo. Flashi iliyokuwa na Linux nayo nikaiandikia mfumo wa tatu, OpenBSD. Ubishi tu.

Ijumaa saa kumi jioni dirisha la walimu kuomba uhamisho mtandaoni linafungwa. Kwenye simu fomu haitumiki, kitufe cha kutuma hakitokei. Nataka Tabora. Mume wangu yuko huko, na Rehema wetu ameanza darasa la kwanza bila mimi.

Jumanne, 11 Machi
OpenBSD imeiona kadi. Ila inadai faili dogo la kuiendesha. Faili liko mtandaoni. Mtandao nitaupata kadi ikiwaka. Nimecheka, kisha nikaacha.

Simu ina mtandao, lakini tundu lake linachaji tu, data halipitishi. Bluetooth OpenBSD haina. Mto umekata barabara, basi la Mpanda halijafika hapa Sibwesa toka juzi.

Jumatano, 12 Machi
Wa kunitoa hapa yupo. Mama Jeni, anayewaingizia watu nyimbo kwenye flashi kwa simu yake pale senta. Faili angelishusha kama wimbo. Lakini mwezi uliopita niliwaambia wanafunzi, yeye akisikia, kuwa banda lake ni kiota cha virusi.

Siendi. Nimesimika OpenBSD upya. Jibu lile lile. Najichukia.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua. Nimekaa mbele ya laptop iliyozimwa. Bibi Daforoza, mwenye nyumba wangu, alizaliwa Burundi na uraia aliungoja miaka mingi. Kanitazama weee, kisha akasema, "Mimi nilikuwa nasubiria watu waamue, mwalimu. Wewe unamsubiria nani?"

Kesho anaenda kwa Mama Jeni kuongeza nyimbo za kwaya kwenye flashi ya redio yake. Nitafuatana naye.

Ijumaa, 14 Machi
Baada ya vipindi tumekwenda. Nimeomba radhi mbele ya wateja, uso unawaka. Mama Jeni alinyoosha mkono, akapokea flashi ya Bibi.

Mtandao ulikuwa mzito. Faili lilimaliza kushuka saa kumi kasoro robo, likakaa katikati ya nyimbo za kwaya. Nimekimbia kwenye matope, kiatu kimoja nimekiacha njiani. Wifi imewaka saa kumi na dakika kumi na mbili.

Dirisha limefungwa.

Jumamosi, 15 Machi
Jedwali limekamilika. OpenBSD, wifi: ndiyo, ukiwa na mtu wa kukupa faili. Bibi ameniletea kiatu, amekiosha.

Nimempigia Baba Rehema. Nimemwambia mto ulijaa na mtandao ulisumbua. Ni kweli yote. Amesema haya, tungoje mwakani. Sikumwambia kuwa Jumamosi iliyopita kompyuta ilikuwa nzima na dirisha liko wazi.