Maiti Hapeleki Asali

Jumamosi, 5 Julai
Nimekufa tena leo, saa kumi jioni, kama kila Jumamosi. Igizo la vita vya Kreta, lile bonde la volkeno tulikofukuzwa zamani; uwanja wa kambi ya watalii, hapa hapa Karatu. Wamasai wanashinda. Sisi Wadatoga, ambao meneja anatuita Mang'ati, tunalala chini mpaka wageni wamalize kupiga makofi.

Muuaji wangu ni Lemayan wa Kakesio, mpishi wa kambi. Mpole, hata kuchinja kuku anaona taabu. Leo meneja alimwamuru aniwekee mguu mgongoni kwa ajili ya picha. Akaninong'oneza, "Nisamehe, kaka." Nikamwambia akanyage tu. Vumbi puani. Shuka lote vumbi.

Jumapili, 6 Julai
Endabash kwa Mama. Mpwa wangu alimwonyesha ile picha kwenye simu. Mama aliitazama sana, akarudisha simu, akaendelea kuchambua maharage. Hakunikaribisha chai.

Jumatano, 9 Julai
Alhamisi ya wiki ijayo ndiyo siku ya mti. Chini ya mti ule, huko Kreta, amelala mzee wetu aliyeuawa vitani. Kila mwaka tunashuka na asali na majani mabichi. Kwetu asali hubebwa na mtoto wa kiume. Kaka zangu wawili tumeshawazika, nimebaki mimi. Magoti ya Mama yamekwisha. Anasema mwakani hafiki.

Nikamwambia gari nimepata.

"Gari sawa. Asali atabeba nani?"

"Mimi."

"Wewe umekufa, nimeona picha. Maiti hapeleki asali kwa maiti."

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba mkono mtupu haulambwi, na unga anaokula unatokana na huko kufa kwangu. Ni kweli. Najuta kusema.

Jumamosi, 12 Julai
Nimekufa vibaya. Nililala ubavu, nikakohoa. Meneja kafoka. Mama hajanisemesha tangu Jumatano. Naona aibu, na hiyo aibu inaniudhi.

Alhamisi, 17 Julai
Tumeshuka asubuhi, ukungu mzito. Mama kiti cha mbele, kibuyu cha asali mapajani. Hakuniruhusu hata kukishika.

Penye mti akataka kutembea mwenyewe. Hatua nne, miguu ikagoma. Ukoo mzima ukasimama kumsubiri. Mimi pembeni yake, mikono mitupu, mtu mzima na mvi zangu.

Akaniuliza, "Kwenye mchezo wenu, Wadatoga wote wanalala?"

"Wote."

"Basi mimi nimezaliwa na nani?"

Akasema babu wa babu yake hakulala. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akapanda ukingo wa Kreta, akaondoka. Waliolala tunawaletea asali. Aliyeondoka ndiye aliyetuzaa.

Akanipa kibuyu. "Beba. Ila Jumamosi usilale."

Nikakubali. Nikabeba mpaka penye shina, nikamimina.

Jumamosi, 19 Julai
Lemayan alinichoma na ule mkuki wake wa mbao. Sikuanguka. Nikamwinua Qwari, Mwiraqw anayeigiza Mdatoga, anayekufaga kushoto kwangu, nikamtia mgongoni. Mzito, ugali mtupu. Nikakata uwanja, nikapita mbele ya wageni, nikaelekea getini.

Meneja alipiga kelele. Qwari akauliza, "Kaka, tunaenda wapi? Mimi si nimeshakufa?"

"Nyamaza. Tunapanda."

Niligeuka mara moja. Lemayan alikuwa ameshusha mkuki. Hakutufuata.

Jumapili, 20 Julai
Ujumbe wa meneja asubuhi: nisirudi. Nilitegemea. Sijui wiki ijayo nitafanya nini.

Nimekwenda Endabash. Mama anachambua maharage. Nikakaa karibu naye, nikachambua. Alilivuta shuka langu la igizo kutoka kwenye mfuko, akalifungua, akalikagua mbele na nyuma. Halikuwa na vumbi.

Akalikunja. Akanimiminia chai.