Nguruwe Aliyeondoka na Mkuki wa Baba

Kashuga, Jumatatu, 7 Oktoba 1968

Nimechemsha sindano. Nimefunga vidonda. Nimemkaripia mama mmoja aliyempaka mtoto kinyesi cha ng'ombe kitovuni. Kazi ya kila siku ya dispansari. Saa sita nikapanda nyumbani kumgeuza baba. Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. Amekuwa mwepesi hata namgeuza peke yangu, mtu aliyekuwa akibeba nguruwe-mwitu mzima mgongoni mpaka kijijini Kibua.

Uvimbe wa tumbo umekuwa mgumu. Daktari wa Goma alimpasua, akatazama, akamshona tena. Nimempa morfini. Kabatini zimebaki ampule nne, na gari la dawa litafika lini hakuna anayejua.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo ameniomba. Bila kuzunguka.

"Mama, unimalize."

Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilijifanya sikusikia. Nikakunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

"Weye iko na dawa, niliona. Nyama yenye iko na mukuki mu mwili, hatuiachake."

Ndiyo sheria ya wawindaji wa kwetu. Ukimjeruhi mnyama unamfuata, hata siku tatu, hata bila kula, mpaka ummalize. Kumwacha anateseka ni aibu. Nimeijua tangu utotoni. Sikujua itakuja kunitafuta mimi.

Nimekasirika siku nzima. Wagonjwa wameniona mbaya leo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Padri amekuja kumpaka baba mafuta. Nikamwuliza nje, kwenye maharagwe, kana kwamba nauliza habari za mgonjwa mwingine. Hakudanganyika. Alisema kumtuliza si dhambi, hata kama dawa itamfupishia siku. Kumpa ili afe ni kuua. Uhai si wetu.

Nikaitikia kwa mdomo. Moyoni nikasema, huyu hajawahi kumgeuza. Halafu nikaona haya, maana alikuwa amepiga magoti sakafuni akamfuta baba mate kwa mkono wa kanzu yake. Ni mtu mwema. Lakini mpaka anaouchora unapita ndani ya bomba la sindano, na anayeshika bomba ni mimi.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikusikia mahubiri. Nilimtazama Bikira Maria chini ya msalaba. Hakummaliza mwanawe. Hakuondoka pia. Alisimama tu. Sina nguvu hiyo.

Mchana amefika baba mdogo kutoka Kibua. Siku mbili kwa miguu na goti lake bovu. Amemletea kaka yake nyama ya kukaushwa kwa moshi na kengele ya mti, ile aliyokuwa akimfunga mbwa wake wa kuwinda. Baba hawezi kula. Ameinusa nyama, akafumba macho, akatuambia tule sisi. Tukala mbele yake. Ilikuwa tamu na nililia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika yote ili nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi ameniomba mara tatu. Mara ya tatu alilia, akageukia ukuta nisimwone. Nikarudi dispansari. Nikatia mfukoni mwa aproni ampule zote tatu zilizobaki, wakati moja humtosha. Nikachemsha sindano. Nilimwambia Mungu, kama hutaki, nizuie wewe, mimi nimechoka. Saa tisa nikapanda, mvua inanyesha, sikujifunika.

Mlangoni nikamsikia baba akimsimulia mdogo wake jambo ambalo sijawahi kulisikia. Zamani, mwaka alioanza kuwinda, alimchoma nguruwe, mkuki ukavunjika mbavuni, nguruwe akakimbia nao. Mvua ikaanza. Baba akarudi kwenye moto wa kambi, akawaambia wenzake amemkosa. Usiku kucha alimsikia analia bondeni. Hakwenda.

"Haya maumivu njo yake, inanirudilia," baba akasema. "Ile nguruwe haikukuwa na muntu wa kuimaliza. Miye niko na mutoto, na yeye anakataa."

Nikashika ampule mfukoni.

Baba mdogo akainuka. Akaweka kengele kifuani pa baba.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, "miye niliifwataka."

"Nini?"

"Asubuyi. Niliona damu ku majani. Niliikuta mu bonde, nikaimaliza."

"Mbona hukusemaka?"

"Ulisema uliikosa. Weye ni mukubwa wangu. Ningekupatisha haya mbele ya bantu?"

Baba akacheka. Kicheko kikamwumiza, akacheka tena, machozi yakamtiririka masikioni kwa sababu amelala chali. Akaniona mlangoni nimelowa.

"Mama, umekuja. Ikala hapa."

"Papa, nimeleta dawa."

"Ya kulala?"

Nikaketi karibu naye. Nikasema ya kulala. Nikampa moja. Mbili zimerudi kabatini.

Jumanne, 15 Oktoba

Amelala vizuri. Bado anaumia akiamka, lakini hajaniomba. Anataka tu mmoja wetu awe karibu. Tukitoka anagonga kengele. Mara tano leo, mara moja kwa sababu ya nzi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Amefariki saa tatu asubuhi. Jana jioni nilimpa moja ya zile mbili. Labda ilimfupishia siku, labda hapana. Nilitaka apumzike, hilo nalijua. Jumatatu nilitaka jingine, hilo pia nalijua, na nitamwambia padri.

Baba mdogo alikuwa amemshika miguu, mimi kichwa.

Jumanne, 22 Oktoba

Baba mdogo ameondoka. Nimemsindikiza mpaka mtoni. Njiani nilitaka kumwuliza kama kweli alimfuata yule nguruwe. Mwaka ule, nikihesabu vizuri, alikuwa bado mtoto wa kunyonya. Nikamwuliza habari za goti lake. Amesema linauma kukiwa na mvua.

Ijumaa, 25 Oktoba

Wameleta mama mmoja kutoka Kitshanga kwa machela. Sufuria ya maharagwe ilimpindukia, mapaja yote mawili. Alikuwa anapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Gari la dawa bado. Kabatini ilibaki ampule moja, ile niliyoibeba siku ya mvua. Nimempa. Baada ya muda akaachia mkono wangu, akalala. Nimekaa karibu naye mpaka jioni.