Mama Mwenye Mwavuli Kwenye Hadithi za Darasa la Tano

Mwalimu Mwanahamisi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia nashindwa.

Tangu tukuzike, darasa lako la tano hapa Ngombezi nalifundisha mimi. Picha ulizochora nyuma ya kalenda kuukuu ninazo zote. Wiki ya kwanza nilibandika ile ya gulio la Magoma, nikawaambia watoto watunge hadithi. Nikaanza kusahihisha. Hadithi ya kwanza ina mama mwenye mwavuli mweusi. Ya pili pia. Zote! Na kwenye picha hakuna mwavuli wala huyo mama.

Unanijua, mimi hata chai ya msibani naichungulia kwanza. Nilidhani wameigana. Nikawatawanya uwanjani, kila mtu mbali na mwenzake. Mama akarudi vilevile. Ndipo nikakushuku wewe. Nikakumbuka wageni wa wilayani walivyowasifia watoto wako, nikajiuliza: au uliwakaririsha hadithi moja, nami nikakuamini miaka yote hiyo? Wiki nzima sikukuombea dua. Nilikuwa na hasira nawe, na huku nakulilia.

Nikakutega. Nilichora picha yangu ambayo hukuwahi kuiona: mbuzi kanaswa kwenye singa, nyuzi za mkonge zilizoanikwa. Mbuzi mwenyewe kafanana na kiti, wakanicheka. Wakaandika. Kwa mmoja mama anamnasua mbuzi, kwa mwingine anamgombeza, kwa mwingine anapita tu kuwahi basi la Korogwe. Hadithi mbalimbali kabisa, mama yule yule.

Nikamwita Zaina, yule binti wa dawati la mbele aliyekuwa hamalizi hata sentensi mbili. Nikamuuliza kwa ukali katoka wapi huyu mama. Akasema, "Mwalimu alitufundisha, ukishaangalia picha, mtafute mtu ambaye hayumo."

Nilitoka nikalia nyuma ya ofisi ya walimu. Mwavuli ule hukuuacha hata siku ya jua kali, nami sikuutambua!

Nisamehe, Mwalimu. Kila mahali nilipoandika "umeiga" kwa kalamu nyekundu nimepafuta. Picha nitaendelea kuchora, na mbuzi wangu atanyooka. Nakuahidi pia sitawakataza kukuandika. Wataacha wenyewe, kila mtoto siku yake. Yangu mimi sijui ni lini.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Rehema