Kwa Baba Aliyekuwa Akinisemea kwa Walimu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikanyamaza kidogo kungoja uitikie, kwa mazoea tu. Leo ni Jumapili, baada ya alasiri. Mama amejilaza, mtaani kumetulia kwa sababu maduka mengi yamefungwa, na mimi nimekaa dirishani na shajara yangu. Kila siku naandika tarehe, kisha yaliyotokea, moja baada ya jingine, maana nisipoyapanga yanatawanyika. Ya juzi nimeshindwa kuyapanga bila kuzungumza na wewe. Ninaogopa, Baba. Kesho asubuhi nina jaribio la takwimu, na namna nilivyolifikia ni jambo ambalo zamani lilikuwa kazi yako.

Unakumbuka duka letu la Kariakoo: nyuzi, zipu, vifungo na lastiki chini, stoo juu ghorofani. Mafundi cherehani walikuja na vipande vya vitambaa tuwatafutie uzi wa rangi ile ile, nawe ukinituma stoo. Nikifika ngazini namsikia muuza viatu anavyonadi, nawasikia wapagazi wanagombea njia, nachungulia, na nilichofuata kinanitoka. Ndipo ulipobuni dawa yako. Ulichukua kile kipande cha mteja ukakibana kwa pini kwenye mkono wa gauni langu, ili nikifika juu nikitazame na kukumbuka. Hata hivyo kuna siku nilirudi na kitambaa mkononi na pini yake, uzi hakuna. Fundi mmoja akapiga kofi kwa kicheko. "Mzee, umemtuma uzi, katuletea salamu!"

Hukucheka naye. Ulisema, "Muache. Akili yake ina miguu. Ikishatembea, itarudi."

Niliamini kwamba kila mtoto ana baba wa namna hiyo.

Halafu kulikuwa na safari zako za shuleni. Kila mwaka nilipopata mwalimu mpya, ulivaa kanzu ya Ijumaa hata kama ni Jumanne, ukanishika mkono hadi mlango wa ofisi, ukaniambia nikae kwenye benchi. Ukaingia peke yako. Nilikuuliza siku moja kwa nini nisiingie na mimi. Ulinijibu kwamba mwalimu ni mzazi, na mzazi huzungumza na mzazi mwenzie, mtoto hajisemei. Sikuwahi kujua ulikuwa ukisema nini mle ndani. Nilichojua ni kwamba kesho yake nahamishiwa dawati la mbele, na mwalimu akiuliza swali ananigusa bega kwanza. Nilifika kidato cha sita kwa maneno ambayo sijawahi kuyasikia.

Uliondoka kabla matokeo hayajatoka. Nilifaulu, Baba, nikapata chuo hapa hapa mjini. Darasa letu liko juu ya mtaa wenye kelele zote unazozijua, na ndani kuna feni inayogonga kama inataka kushuka. Mwalimu wa takwimu ni Profesa, mtu mzima wa umri wako, mpole akiwa ubaoni na mkali akigeuka. Wiki ya kwanza nilisimama katikati ya kipindi bila kujua kwamba nimesimama. Miguu ilichoka kukaa, basi.

"Wewe wa mtandio wa kijani," akasema, "hapa ni sokoni?"

"Huyo wa Kariakoo, Profesa! Anatafuta wateja!" mtu akadakia nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Nikakaa. Tangu siku hiyo nilitumia nguvu zangu zote kukaa, na hazikubaki nguvu za kusikiliza.

Jaribio la kwanza niliacha ukurasa wa nyuma wote kwa kuwa sikuugeuza. La pili nilikuja mchana, na kalamu mpya, nikakuta darasa tupu. Lilikuwa limefanyika asubuhi. Tangazo nilikuwa nimelisoma, tena kwa makini. Hapo nikaanza kuogopa kwamba napoteza akili, nikaenda hospitali Upanga peke yangu bila kumwambia mtu.

Daktari aliniuliza sana habari za utotoni. Nilimsimulia ile pini. Akatabasamu, akasema, "Baba yako alikuwa daktari kabla yangu." Kisha akanieleza kwamba nina upungufu wa umakini, kwamba nimezaliwa nao, kwamba si uvivu wala utovu wa adabu, wala sijarukwa na akili. Ubongo wangu unasikia vitu vyote kwa sauti moja, haujui kipi ukiweke mbele. Alinishauri nimwambie mwalimu wangu mapema, kabla ya jaribio la tatu, niombe kufanyia mahali patulivu.

Nimwambie. Lilitoka kinywani mwake jepesi kama kuagiza chai.

Kwetu chuoni, asiyefikisha alama za majaribio haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho, anarudia mwaka. Mama alishasema kwamba kurudia mwaka hakuna, nikishindwa nirudi dukani nikae na Baba Mdogo Seif. Kwa hiyo lililobaki lilikuwa jaribio hili la kesho, na mlango wa kulifikia ulikuwa Profesa. Na Profesa huyo huyo alishatutangazia darasani: "Kila mwaka nawapata. Magonjwa yenu huanza tarehe ya jaribio." Nilipita mbele ya ofisi yake kila siku kwa wiki nzima. Nikiona mlango uko wazi, naharakisha kama mtu anayedaiwa.

Mama nilimwambia kwanza. Alifunga dirisha kabla ya kunijibu. "Rukia mwanangu, hilo neno la daktari libaki humu ndani. Watu wakisikia kichwa, wanasikia wazimu. Nani atakuja kuposa hapa?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaogopa kama mimi, kila mmoja na upande wake.

Basi nilifanya ulilonifundisha. Nilimfuata Baba Mdogo Seif dukani, nikamwomba aende kwa Profesa anisemee kama ulivyokuwa ukinisemea. Hakuniuliza mengi. "Ni tatizo la masomo na la afya, eti? Basi. Jambo la mtu mzima haliendewi na mtu mmoja," akasema, akamchukua na Mzee Shomari, jirani yetu wa duka. Ijumaa baada ya swala walikuja kunichukua. Kanzu, makoti, kofia za kufuma. Na Mzee Shomari, kwa adabu yake ya kutokwenda kwa watu mikono mitupu, amebeba halua kwenye kikapu.

Tulipoingia ofisini kwa Profesa, mimi nilikuwa nyuma yao nimeinamisha kichwa. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa nimerudi darasa la tatu, Baba, natafuta benchi.

Profesa aliinua macho. Aliwatazama wale wazee wawili, akatazama halua, akanitazama mimi. Kisha akasimama kwa haraka iliyokiangusha kiti chake. Alikwenda kuufungua mlango hadi ukagota ukutani, akaita ofisi ya jirani, "Madamu! Madamu, naomba uje ukae hapa. Sasa hivi!"

Mwalimu mwenzake akaja na kikombe cha chai mkononi. Wazee wakakaa. Baba Mdogo akakohoa, akaanza kwa ile sauti yake ya mbele za watu:

"Profesa, sisi tumekuja kama wazazi. Baba wa binti huyu ametangulia mbele ya haki, mimi ndiye nimesimama mahali pake. Binti yetu ana jambo. Na jambo lenyewe, kwa kweli, linakuhusu wewe."

"Mzee wangu!" Profesa alitoa leso. "Mimi binti huyu simjui hata jina! Naonana naye darasani tu, na wenzake wote wapo!"

"Ndiyo shida yenyewe," Baba Mdogo akasema kwa huzuni. "Humjui. Na hali aliyonayo si ya kuendelea kufichwa."

"Hali gani?"

"Tumetoka nayo hospitali."

Madamu akaweka kikombe chini. Nikaona macho yake yanashuka taratibu kutoka usoni mwangu, yakatua tumboni. Profesa naye alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa na kitu nilichokijua vizuri kwa sababu nimekibeba wiki nzima. Mtu yule mkali alikuwa ananiogopa. Na nje kwenye korido wanafunzi walikuwa wanapita, wanapunguza mwendo.

Sijui kama ulishawahi kufika mahali ambapo hofu moja inaimeza nyingine. Nilisikia sauti yangu, kubwa kuliko nilivyotaka: "Profesa, sina mimba! Nina tatizo la umakini. Nimezaliwa nalo. Nimekuja kuomba nafasi ya kufanyia jaribio mahali pasipo na kelele."

Mzee Shomari akasema polepole, "Mimba? Nani kasema mimba?" Madamu akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Profesa akakiinua kiti chake, akakaa kama gunia lililotuliwa, akajifuta uso. Kisha akawaomba wazee wangu, kwa heshima zote, wanisubiri nje.

Nilitaka kutoka nao. Baba Mdogo alisita mlangoni, akaniuliza kwa macho. Nikaangalia sakafu, naye akatoka.

"Kaa," Profesa akasema. "Au simama, kama kusimama ndiko kunakusaidia." Alikuwa amenikumbuka. "Kwa nini hukuja mwenyewe?"

"Niliogopa."

"Ukaona bora uniue mimi kwa presha." Hakucheka, lakini hakuwa mkali. "Haya. Nikiwa nafundisha, unasikia nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, Baba, hata wewe. Nilimwambia kweli. Nasikia feni, muuza kahawa anagonganisha vikombe chini, kalamu ya jirani yangu, na sauti yake yeye inakuja na kuondoka kama redio ya gari linalopita. Nikipata nusu ya sentensi naishika, nikiishika nakosa inayofuata. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akasema jaribio lililopita hawezi kunirudishia, hiyo ni sheria, hata angekuwa binti yake. La kesho nitalifanyia katika ofisi ya Madamu, upande wa nyuma, peke yangu, na nikitaka kusoma maswali kwa sauti nisome. Kama nitapata alama za kutosha, nitaufanya mtihani wa mwisho. Nisipopata, hatakuwa na la kunisaidia.

Halua ilibaki mezani kwake. Alikataa kuipokea, Mzee Shomari akakataa kuirudisha, na sijui ilimalizikia kwa nani. Njiani Baba Mdogo aliniomba msamaha mara nyingi kwa maneno yake, akasema marehemu kaka yake angeyapanga vizuri zaidi. Labda. Lakini nimefikiri sana tangu juzi, nikaona kwamba hata wewe usingeweza kulijibu lile swali la Profesa. Ulijua kwamba akili yangu inatembea. Inakopita, na inachosikia huko, nilikuwa nakujua mimi tu.

Mama bado hajazungumza nami vizuri. Anajua kwamba sasa watu wanne zaidi wanajua, na pengine korido nzima. Jana alinipikia wali wa nazi, akasimama jikoni hadi nikamaliza.

Ningependa kukuambia kwamba nimepata amani, lakini sitakudanganya. Mwezi mzima niliogopa kwamba sitaaminiwa. Sasa nimeaminiwa, na hofu imekuwa kubwa zaidi. Kesho hapatakuwa na feni wala kicheko cha nyuma. Patakuwa na meza, karatasi na mimi. Nikishindwa mle ndani sitakuwa na kelele ya kuisingizia, nami sijui, Baba, kwa kweli sijui, kama chini ya kelele zote hizo kuna mtu anayeijua takwimu au hakuna. Ndicho ninachokwenda kukitazama.

Lala salama huko uliko, Mola akupe nafasi na nuru. Adhana ya magharibi inaita. Nikimaliza kuswali nitasoma sura ya mwisho ya kitabu cha takwimu mara moja zaidi, kwa sauti, nikizunguka chumba.

Ni mimi binti yako, mwenye hofu nyingi na mapenzi mengi kwako,

Rukia