Rahma Alisikia Sawa

Bariadi, msimu wa pamba

Mpendwa Baba Tuzo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kahawa ya kule bondeni imeanza kuiva, na Tuzo ameacha kukohoa. Mimi mwili hauna neno. Kilichopungua nitakueleza humu humu, maana nimechoka kukibeba peke yangu. Ila kwanza pole. Pole kwa ugonjwa wa Mama yako, na pole kwa jinsi nilivyokujibu.

Siku ile ulipopiga nilikuwa nimesimama nje ya wodi. Uliniambia Mama amelazwa. Mimi nikasikia Mama amelala. Nikakujibu kwa furaha kabisa, "Mwache apumzike, amechoka huyo." Simu ikakatika, nikadhani ni mtandao. Ilipita wiki nzima ndipo shemeji akaniandikia ujumbe kwamba Mama ameruhusiwa kutoka hospitali, na kwamba wewe hutaki hata jina langu litajwe hapo nyumbani. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikayarudia maneno yetu moja moja mpaka nikafika kwenye lile neno. Baadaye ulipoanza kupiga tena, sikupokea. Si kiburi, mume wangu. Niliogopa kukujibu vibaya mara ya pili.

Sisikii vizuri, Baba Tuzo. Sikio la kushoto lilianza mwaka juzi, polepole, kama nyumba kubwa ambayo mtu anapita akifunga milango mmoja baada ya mwingine. La kulia likafuata. Nilikwenda Mwanza bila kumwambia mtu, daktari wa masikio akaniambia mishipa imechoka na haitarudi kama zamani. Nikamshukuru, nikapanda basi, nikarudi kazini.

Usidhani muda wote nalia. Kuna siku ni kuzuri huku kwenye ukimya nilikoingia. Malori ya pamba yanapita yamejaa mpaka juu, vipande vyeupe vinadondoka kandokando ya barabara, na kwangu mimi malori hayo hayana mngurumo, yanaelea tu. Asubuhi ng'ombe wanavuka, vumbi linapanda, jua linapita ndani ya lile vumbi, midomo ya wachungaji inafunguka na kufungika, nami napita katikati yao kama mtu ambaye bado hajaamka. Ningeweza kuishi hivyo miaka mingi. Lakini daktari haruhusiwi kuota akiwa wodini.

Basi ndipo wakaja wanafunzi. Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, aliniita ofisini akasema, "Dokta Leokadia, chuo kimetuletea wanafunzi wa udaktari. Kila bingwa atakuwa mlezi wa wawili." Nikamwambia sina muda. Akasema jambo jingine ambalo halikunifikia, nikaitikia kwa kichwa ili nitoke, naye akahesabu nimekubali. Hivyo ndivyo nilivyopata watoto wawili wa watu: Rahma wa Tanga, anayeongea taratibu kama anaogopa kumwamsha mtu aliyelala chumba cha pili, na Limbu wa Nyalikungu kule Maswa, kijana mrefu anayewatafsiria wenzake Kisukuma.

Siku za mwanzo niliwakwepa. Niliwapa mafaili wasome, nikapita raundi haraka haraka mbele yao. Mtu anayekufuata kila hatua anaona mambo. Niliogopa macho yao kuliko ya mkubwa wangu.

Wodini alikuwepo mama mmoja wa Mkula, Mayu Kabula kama wanavyomwita kwa Kisukuma. Miaka mingi alikuwa anapumua kwa shida, na kila alikokwenda alipewa dawa za pumu. Niliinama, nikaweka stetoskopu kifuani kwake, nikangoja muda unaotosha kuonekana nasikiliza, kisha nikasema, "Moyo uko sawa. Tuendelee na dawa za pumu." Sikuwa nimesikia kitu, Baba Tuzo. Ilikuwa kama kuweka sikio kwenye mto wa pamba. Na nilikuwa nimeshafanya hivyo kwa wagonjwa wengine kabla yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baada ya raundi Rahma alinifuata kwenye korido. Nilimwangalia midomo ili nimwelewe.

"Samahani Daktari, mimi pia nilimsikiliza. Kama kuna mvumo, chini ya titi la kushoto. Alipogeuka ubavu ukaongezeka. Labda nimekosea."

"Umekosea," nikamwambia. "Rudia kusoma."

Akasema ndiyo Daktari, akaondoka na daftari lake. Nikamwona anafuta alichokuwa ameandika.

Mchana sikwenda kula. Nilitembea mpaka nje ya geti, nikasimama chini ya jua kali, bodaboda wakinipungia mkono wakidhani nataka usafiri. Yule binti alikuwa amesikia ukweli, na mimi nimemfundisha asiyaamini masikio yake. Akienda hivyo, ataua mtu siku moja, na mimi nitakuwa nimeshika ule mkono wake.

Nikarudi. Niliwaita wote wawili kando ya kitanda. Nikamwomba Mayu Kabula alale ubavu wa kushoto, nikaweka kiganja changu pale pale Rahma alipotaja. Nikafumba macho. Kulikuwa na mtetemo, mwembamba, kama unapomshika paka akiwa amelala kwa raha. Mkono wangu uliusikia vizuri kabisa. Sijui kwa nini sikuwa nimeuweka asubuhi.

"Rahma," nikasema, "ulisikia sawa. Mimi ndiye sisikii. Masikio yangu yamekufa na nimekuwa nawaficha."

Nikamwambia Limbu amtafsirie mgonjwa kila kitu, asiache neno, na kwamba namwomba radhi. Limbu akatafsiri, macho chini. Mayu Kabula akasema kitu, na Limbu akanigeukia ili nimwone mdomo.

"Anasema bibi yake naye alikuwa hasikii, na ndiye aliyewazalisha wanawake wote wa kwao. Anauliza, sasa moyo wake una nini?"

Tulimpeleka Mwanza kupigwa picha ya moyo. Ni mlango mmoja wa moyo umekakamaa na kuwa mwembamba. Sasa yuko kwenye dawa zinazomfaa na ameandikwa kwa ajili ya upasuaji.

Jioni ya siku ile niliyokiri nilikwenda kwa mganga mfawidhi nikiwa tayari kuambiwa nirudi nyumbani. Nilimwambia hata habari za wagonjwa niliowadanganya kabla. Alichukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa: KWA NINI HUKUSEMA? Nikalia pale kama mtoto. Alikasirika, na ana haki. Wale wagonjwa tuliwaita tena, wote waliopatikana, wakasikilizwa upya na daktari mwenzangu. Kuanzia siku ile sisikilizi kifua peke yangu. Lakini nilipomuuliza kama niache kazi, aliandika chini ya yale maneno ya kwanza: Hayo macho na hiyo mikono tutaviweka wapi? Fundisha.

Basi nafundisha. Kila Alhamisi tunakaa na wagonjwa waliokubali, nami nawafundisha wale wawili kabla hawajagusa stetoskopu: waone mshipa wa shingo unavyocheza, rangi ya midomo, miguu inavyobonyea, kidole kinavyogonga kifua kikasema hapa kuna maji, hapa kuna hewa. Wao wananisikilizia. Tukishakubaliana ndipo tunaandika. Sista wa wodi ya wazazi alituona, sasa naye anawachukua mara moja kwa wiki kuwafundisha kumpapasa mtoto tumboni. Fundi wa maabara amewafungulia darubini yake, na zamani hakuruhusu mtu aisogelee.

Kuna siku Limbu alifiwa na mgonjwa wake wa kwanza, mzee aliyekuwa anamwita mjukuu. Nilimkuta kwenye benchi nyuma ya jengo, amevua koti, anasema ataacha udaktari akalime choroko kwao. Nilikaa naye tu mpaka kivuli kikahama. Kukaa kimya ni kazi ninayoiweza siku hizi. Kesho yake alikuja raundi.

Jumamosi moja tulikwenda Mkula kumwona Mayu Kabula. Upepo wa ziwa ulikuwa unapita kwenye majani makavu ya mahindi, nikauona bila kuusikia. Alitupokea kwa salamu ya mwangaluka na kicheko, akatuonyesha njia ya kisimani na kusema sasa anapumzika mara moja tu. Rahma akamuuliza alikuwa anapumzika mara ngapi zamani. Akatuonyesha mawe, jiwe moja baada ya jingine, kila alipokuwa anakaa. Rahma aliyahesabu yote akayaandika. Mimi sikuwahi kumuuliza mgonjwa swali kama lile.

Juzi waliondoka. Kabla ya kupanda gari Rahma aliniomba kitu kigeni. "Daktari, naomba nikusikilize." Nikakaa kwenye kiti cha wodini, Limbu na sista wakitazama, akaweka stetoskopu kifuani kwangu, ndani ya koti. Alisikiliza muda mrefu, bila haraka, kama nilivyomfundisha. Kisha akanyanyua uso ili nimwone.

"Unadunda vizuri, Daktari. Taratibu, kama mtu anayetembea kwenda kwao."

Chuo kimeuliza kama nitapokea wengine. Nimesema wanne.

Mwezi ujao napelekwa Mwanza kuwekewa vifaa vya kusaidia kusikia. Nisalimie Mama, mwambie mkwewe anaomba radhi na atapiga magoti mwenyewe akifika. Msalimie shemeji aliyeniandikia ukweli, kaka yangu anayetuangalizia miti ya kahawa, na padri wa kigango. Tuzo mbusu, mwambie mama hajamsahau.

Na wewe ukiweza, acha kahawa kidogo, uje Mwanza. Kaa upande wangu wa kulia, bado kuna sauti kidogo imebaki huko, na nimekuwekea wewe.

Ni mimi mkeo,
Leokadia