Alama za Alhamisi

Verrin, Saskatchewan
9 Novemba 1997

Mwanangu Lorna,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti langu siku hizi linatabiri theluji kuliko redio. Mama yako anauliza kama unakula.

Gazeti limetuambia Nyati wa Marlow, timu yenu ya magongo ya barafuni, wameuza nahodha na kipa, wanaanza upya na vijana, na msaka vipaji wao mpya ni wewe. Mwanamke wa kwanza kwenye meza ile ya kuchagua wachezaji! Nimelibandika kwenye mashine yangu ya kusawazisha barafu uwanjani, na anayeuliza anapata hotuba nzima.

Sasa nisikilize. Najua mwezi wa Mei, timu zikichagua vijana wapya, mnamtaka Brody Tannahill wa hapa kwetu. Mtazame pia Wade Lavallee, kijana mwenzake. Jumanne kabla ya shule barafu ni ya Brody peke yake, Alhamisi ni ya Wade. Wakitoka naingia mimi, na kabla sijafuta huwa nasoma alama za vyuma vya viatu vyao. Brody anakata kona kulia tu. Wade, Oktoba, kushoto kwake palikuwa kama kuku wamepekua. Sasa kila wiki panazidi kunyooka.

Baba yako


Marlow, 23 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima na nakula. Mwambie Mama kabeji zake zilifika zimeganda kama mawe na hazikumaliza siku mbili.

Lakini Baba jamani! Wade anamfika Brody kifuani. Brody ana mabao arobaini! Sisi tunaburura mkia, na timu ya mwisho ndiyo huchagua kwanza, kwa hiyo tutaanza sisi, na macho yote yananitazama. Nikikosea hawatasema msaka vipaji amekosea, watasema mwanamke. Niende kuwaambia wazee saba kwamba baba yangu amesoma mikwaruzo?

Halafu unasoma za watoto wa watu tu. Zangu je? Nimecheza kwenye barafu yako miaka kumi na miwili, hukusema neno. Ninachokumbuka ni mashine yako kufa siku ya mechi yangu ya mwisho, mechi ya maveterani iliyofuata ikafutwa, wakakununia mwezi mzima. Mpaka leo nacheka.

Binti yako


Verrin, 15 Februari 1998

Mwanangu,

Salamu nyingi, ingawa hustahili. Kumbe ulikuja! Mama wa mkahawa wa uwanjani amekuchongea: Alhamisi alfajiri ulikuwa jukwaani, skafu hadi puani, kama mwizi wa kuku. Ungenisalimu ningekula nini chako?

Haya, umeona mwenyewe. Nakutumia michoro yangu ya alama za Wade, wiki kumi na nane, nyuma ya karatasi za mama yako za mchezo wa bingo. Hajajua zimekwenda wapi.

Kuhusu alama zako, goti linauma. Siku nyingine.

Baba yako


Marlow, 3 Mei 1998

Baba! Baba! Baba!

Salamu baadaye, sina pumzi. Meneja wetu Gus aliniuliza mbele ya wote: "Yaani Lorna, tumwache Brody, tumchukue mtoto wa kimo cha kiti, eti mwendesha mashine kachora?"

Nikazipanga karatasi mezani, Oktoba hadi Februari. Nikasema, "Brody ameshafika, Gus. Huyu bado anakuja. Na timu yetu leo ni karatasi hii ya kwanza, kuku wamepekua."

Wakacheka. Ila mzee mmoja, msaka vipaji wa miaka arobaini, akavaa miwani akafuata mistari kwa kidole. "Upande huu alikuwa anaanguka," akasema. "Na kila wiki amerudi hapohapo."

Gus akanikazia macho. "Huyu akianguka, unaanguka naye."

"Basi tutaanguka wote," nikasema.

Tumemchagua Wade wa kwanza! Magazeti yanatucheka, nami nina furaha ya kuruka kamba. Shikamoo.

Binti yako


Marlow, 10 Januari 1999

Baba,

Shikamoo. Afya ipo. Mechi thelathini, Wade bao sifuri. Gus ananipita kwenye korido bila salamu, na mkataba wangu unaisha Machi. Bado namwamini mtoto huyu, ila naogopa.

Lorna wako


Verrin, 7 Machi 1999

Mwanangu,

Unaendeleaje, kama bado una sauti? Sisi hatuna! Jana redioni Wade alipogeukia kushoto akafunga, mama yako alirusha mwiko. Alipofunga la pili, tena kushoto, jirani alikuja kuuliza nani amekufa. Na asubuhi simu yako: wamekuongezea mkataba miaka mitatu! Nimepiga honi ya mashine hadi mkahawani wakatoka nje.

Sasa lile swali lako la zamani, la alama zako. Siku ya mechi yako ya mwisho mashine haikufa. Nilichomoa waya mwenyewe nikautia mfukoni.

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulitoka uwanjani unacheka, nami najua hakuna meza nchini itakayotaja jina lako, kwa kuwa wasichana walikuwa hawachaguliwi. Nikatazama barafu. Kulia, kushoto, kwenda, kurudi, kote umekata hadi ndani. Sijaona nyingine kama ile, si ya Brody, si ya Wade. Nikasema maveterani na wanune.

Alama zako zilikaa hadi Jumatatu. Nilimleta mama yako, tukazitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikaurudisha waya nikazifuta, maana watoto walikuwa mlangoni wameshavaa viatu.

Nilipaswa kukuambia siku ileile. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako